Jicho Tulilojisifia

Kizazi changu kina majivuno mengi, na lililo sugu kuliko yote ni hili: kwamba sisi tulijua kumsoma mtu. Ukikaa na wazee wa rika langu penye kahawa hapa Ngamiani, haupiti muda utamsikia mmoja akisema kijana wa leo ataoa jini na asijue, atampa tapeli akiba yake na kumshukuru juu, ataajiri mwizi na kumkabidhi funguo za duka. Sisi, wanasema, mtu akiingia mlangoni tu tulishammaliza. Alivyovua viatu, alivyopokea kikombe, alivyomwamkia mama mwenye nyumba, basi, habari yake yote tunayo. Mjukuu wangu mmoja, ambaye kwa utani wetu huniita mchumba, alisikiliza maneno hayo siku moja akaniuliza, "Sasa mchumba, kama mlikuwa mnawajua watu hivyo, mbona majumba yenu yalijaa kesi?" Nikamwambia akalete kahawa.

Lakini swali lilibaki, na jibu nililolipata halitawapendeza wenzangu. Jicho hilo tunalojisifia hatukuwa nalo. Tulikuwa na habari za watu. Tulijua baba yako alikufa akidaiwa na nani, mama yako alirudi kwao mara ngapi, shamba lenu la minazi liliwekwa rehani mwaka gani. Ulipoingia mlangoni na kuvua viatu tulikuwa tumeshakusoma zamani, kwa miaka, kupitia kwa shangazi zako. Viatu vilikuja kuthibitisha tu.

Chukua taarabu. Tanga ya ujana wetu ilikuwa na Black Star na Lucky Star, na ukumbi ulipojaa hakuna aliyekuja kusikiliza ala peke yake. Mwimbaji anafika ubeti fulani, mama mmoja anasimama. Hana haraka. Anaikaza kanga kiunoni, anainua noti juu ya kichwa kaibana kwa vidole viwili, na badala ya kupita pembeni kunakopitika anakata katikati ya viti, njia ndefu, watu wanakunja magoti kumpisha. Akifika usawa wa mwanamke fulani anapunguza mwendo. Anacheza hatua tatu nne pale pale, hamtazami, halafu anaendelea hadi jukwaani kutunza. Ukumbi unalipuka vigelegele. Yule aliyechezewa mbele yake ama anageuza uso akajifanya anaongea na jirani, ama naye anafungua pochi, anasubiri ubeti wa kujibia. Mtoto wa miaka kumi aliyepakatwa na bibi yake anajua nani kapigwa kijembe, kwa ajili ya mwanamume gani.

Sasa mweke pale mgeni aliyeshuka jioni ile kutoka Moshi. Ana macho mazima, pengine mazima kuliko ya bibi mwenye mjukuu. Ataona nini? Mama kampa mwimbaji shilingi kumi. Na kanga ni vivyo hivyo: mke mwenza akipita uani na kanga mpya, maneno ya pindoni yanasomwa na kila ajuaye kusoma, ila anayejua yameandikiwa nani ni yule anayeijua nyumba. Wajuzi wa mambo haya wa hapa kwetu walikuwa mabingwa ndani ya barabara zao chache. Ukimtoa mmoja Barabara ya Kumi na Mbili ukampeleka Chumbageni, ubingwa ulipungua. Ukimpeleka Shinyanga, uliisha.

Nalisema hilo kwa sababu Serikali ilinipeleka huko. Uhamisho ndio uliokisomesha kizazi chetu. Mwalimu wa Kilwa alijikuta Bukoba, karani wa Moshi akajikuta Songea, na mimi mtoto wa Pwani nikapelekwa Usukumani kuwa bwana shamba, nguo nyeupe na vumbi la mbugani. Tulikwenda tukiwa na imani yetu kwamba mtu ni mtu, tutamsoma tu.

Kazi yetu kubwa ilikuwa pamba. Watafiti wa kituo cha Ukiriguru walikwisha kuonyesha kwamba pamba inataka kupandwa mapema. Kila unavyochelewa mavuno yanapungua. Tukahubiri hilo kijiji kwa kijiji. Wakulima waliitikia vizuri mno. "Ndiyo bwana shamba." Wanakuletea kiti, wanakuletea maji, pengine na kuku. Ukirudi baada ya wiki kadhaa, mahindi yamepandwa, mtama umepandwa, viazi vimepandwa, na pamba bado. Ofisini maelezo yalikuwa tayari, na yalikuwa yamekaa humo tangu zama za Mwingereza: wakulima hawa ni wazito, wanakubali kwa mdomo na kukataa kwa moyo, wanaogopa mabadiliko. Mwingereza mwenyewe, baada ya vita kuu ya pili, alikuwa amewasoma hivyo hivyo. Aliwawekea sheria ndogo za kulima matuta na kupunguza ng'ombe, akaona wanaburuta miguu, akaandika kwamba ni wakaidi. Chuki ya sheria zile ilichangia vurugu za Geita za mwaka 1958, na bado somo halikuingia kwenye mafaili.

Mama mmoja wa kijiji nilichokuwa nikipita mara kwa mara alinieleza jambo zima kwa muda mfupi kuliko nilivyotumia kunywa maji yake. Alinipeleka kwenye kihenge, akakisogeza kifuniko, akaniambia nitie mkono. Nikatia mpaka begani. Vidole vikagusa mtama chini kabisa. "Huo utanifikisha wapi?" akauliza. Mvua za kwanza ndizo za chakula. Nyumba ile ilikuwa na watu watatu wa kushika jembe, na ukiwatia kwenye pamba Novemba, chakula kinapandwa lini na nani? Isitoshe, vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976, na baada ya hapo pesa za pamba zilikuwa zinachelewa mpaka mtu asijue msimu gani analipwa kwa pamba ya msimu gani. Pamba hailiwi. Mtu mwenye akili timamu, mwenye kihenge kile na watoto wale, angefanya alichofanya yeye.

Uzito uliosemwa ofisini ulikuwa hesabu, tena hesabu nzuri. Aliyekuwa ofisini hakuiona kwa sababu hakutia mkono kwenye kihenge, na bila hicho alichobaki nacho cha kumsoma mtu ni uso wake na kuchelewa kwake. Vitu hivyo viwili ukivisoma peke yavyo, utapata tabia: mvivu, mkaidi, mjanja. Nimekuja kuamini kwamba neno la tabia ndilo tunalolikimbilia pale habari zinapokwisha.

Na hapo ndipo majivuno yetu yalipofanya madhara makubwa. Kati ya mwaka 1973 na 1976 watu wa sehemu nyingi za nchi walihamishiwa kwenye vijiji vya kupangwa. Msukuma aliyekuwa akiishi kwenye mji wake peke yake, jirani yake wa karibu yuko umbali wa kupiga kelele, sasa alipangwa kwenye mistari na watu asiowajua asili yao. Sitaki kuingia kwenye ubishi wa siasa ya vijiji. Shule zilipatikana, zahanati zilipatikana, na walioumia waliumia. Ninachosema ni kwamba watu waliwekwa karibu kwa miili kabla hawajakaribiana kwa habari. Mtoto akifa, ng'ombe wakifa, watu wanatafuta sababu, na jirani mpya hana historia ya kumtetea. Hapo uso ukawa ushahidi.

Kila Mtanzania wa umri wangu anakumbuka maneno "mauaji ya vikongwe". Bibi kizee mwenye macho mekundu alionekana mchawi, na wapo waliokatwa mapanga vitandani kwa kosa hilo. Macho yale yalikuwa mekundu kwa nini? Usukumani miti ilikuwa imekwisha kukatwa sehemu nyingi. Wanawake walipika kwa mabua ya pamba na kinyesi cha ng'ombe kilichokaushwa, ndani ya nyumba isiyo na dirisha la maana, mara mbili kwa siku, miaka hamsini. Moshi ule ulimwingia mtoto wa kike tangu akiwa anapuliza jiko la mama yake. Kila bibi aliyelea familia kwa bidii angeweza kuwa na macho mekundu. Watu waliyasoma macho yale kama barua ya kukiri. Nani aliyewafundisha? Walifundishwa na wazee, waliosema wao wanamjua mtu kwa kumtazama.

Na waliotumwa kuwasaka wauaji nao walikuwa na jicho lao. Polisi na maofisa wa usalama waliwakamata watu Mwanza na Shinyanga, wakaamua kwa kuwatazama kwamba wanaficha, wakawatesa ili waseme. Wengine walifia mikononi mwao. Mzee Ali Hassan Mwinyi alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani. Hakuwa na mkono katika mateso yale, lakini mwaka 1977 alijiuzulu kwa sababu yametokea chini yake. Miaka minane baadaye akawa Rais. Watu husimulia kujiuzulu kwake kama mfano wa uungwana, na ni kweli, mfano wa namna hiyo haujawa mwingi. Mimi nakumbuka zaidi kilichomfanya ajiuzulu: watu wenye mamlaka walioamini kwamba wanaweza kuusoma moyo wa mtu kama wakimbana vya kutosha.

Miaka sita baada ya kujiuzulu kule ikaja zamu ya mijini. Vijana wanaonunua sukari kwa kilo wanayotaka hawawezi kupata picha ya 1983. Jumuiya ya Afrika Mashariki imevunjika 1977, vita na Idi Amin imetumaliza kuanzia 1978, mafuta yamepanda bei, fedha za kigeni hakuna. Sabuni ya kufulia ni habari ya mji. Unakwenda duka la ushirika alfajiri, unaweka jiwe kwenye foleni likushikie nafasi, unarudi nyumbani kunawa uso. Katika hali hiyo, mtu akikuta sukari inauzwa anafanya nini? Ananunua zaidi ya anayoihitaji wiki hii, kwa kuwa hajui ya wiki ijayo itatoka wapi. Hata mtu mkarimu kuliko wote mtaani angefanya hivyo, na alifanya.

Machi 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine akaanza msako wa wahujumu uchumi. Walikuwapo walanguzi wa kweli, tena wengine wakubwa, sitawatetea. Lakini mtaani msako uligeuka mtihani wa kusomana. Fulani ana katoni ya nini kule uvunguni? Fulani mbona anakwenda msalani na ndoo usiku? Watu walitupa sukari chooni, walitupa vitenge vichakani, wakimwogopa jirani kuliko polisi. Sheria maalumu iliyotungwa mwaka ule iliwapeleka washitakiwa kwenye baraza lisilokuwa na wakili wala dhamana, mpaka 1984 ilipotungwa sheria nyingine iliyorudisha kesi hizo kwenye njia ya mahakama. Uhaba ulikuwa wa nchi nzima, na tuliusoma kama roho mbaya ya mtu mmoja mmoja. Kuna watu hapa Tanga ambao familia zao hazijasalimiana tangu wakati ule, na wajukuu hawajui hata ni kwa nini.

Wazee wenzangu hupenda kusema elimu ya kumjua mtu haimo vitabuni. Basi wapo watu walioipima. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Charles Bond na Bella DePaulo, walikusanya majaribio mengi yaliyofanywa na wengine juu ya swali moja: mtu akimtazama mwenziwe anayesema, anaweza kutambua kama ni uongo? Kwa wastani watu walipatia kwa asilimia 54. Ukirusha shilingi juu utapata 50. Nilipomsomea hayo rafiki yangu mmoja, mtu wa kujiamini, alisema hao ni Wazungu, hawajui kutazama. Sikuendelea naye.

Jaribio jingine ni la zamani zaidi, na linanigusa zaidi. Mwaka 1973 John Darley na Daniel Batson walichapisha walichokifanya na wanafunzi wa seminari ya Princeton, vijana wanaosomea uchungaji. Kila mmoja aliambiwa aende jengo la pili kutoa hotuba fupi. Baadhi walipangiwa kuzungumzia habari ya Msamaria Mwema. Wengine waliambiwa una muda, wengine nenda sasa, wengine umeshachelewa wanakungoja. Njiani amewekwa mtu ameinama mlangoni, anakohoa na kugumia. Waliokuwa na nafasi, asilimia 63 walisimama kumsaidia. Waliokuwa na haraka kubwa, asilimia 10. Na kwamba kichwani mtu alikuwa amebeba habari ya Msamaria au mada nyingine, hakukuleta tofauti ya kutegemewa. Wale wote ni watu wa dini, wamechaguliwa kwa wito. Angepita mzee wa Ngamiani akamwona mmoja wao anaruka mgonjwa, angesema, "Mtazame, huyo ndiye atakuja kuwa mchungaji!" Asingejua kwamba kijana kaambiwa amechelewa.

Nilirudi Tanga, nikastaafu, nikateuliwa kwenye baraza la kata. Sheria ya mwaka 2002 ya mahakama za migogoro ya ardhi ilitaka wajumbe wasiopungua wanne na wasiozidi wanane, watatu kati yao wawe wanawake. Tangu marekebisho ya 2021 baraza halihukumu tena mashauri ya ardhi, linasuluhisha tu, na mimi naona ni afadhali, maana tulipokuwa tunahukumu tulitazama sana nyuso. Kulikuwa na mwenzetu, marehemu sasa, aliyeshikilia kwamba asemaye kweli hukutazama machoni. Labda mahali pengine, si hapa kwetu. Mtoto wa Pwani aliyelelewa vizuri akizungumza na mkubwa anainamisha macho. Amefundishwa hivyo tangu anajua kusema shikamoo. Kijana akija mbele ya wazee wanane, akainamisha kichwa kama mama yake alivyomwelekeza, mwenzetu anatunong'oneza: mmeona? Na tapeli mzoefu wa viwanja, aliyezoea mabaraza, akaja kifua mbele na jicho kavu, huyo anaitwa mkweli. Adabu ilimponza mwenye haki mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka.

Wajumbe wanawake walikuwa na njia nyingine. Hawakutazama, waliuliza. Tena maswali ambayo sisi wanaume tuliyaona ya umbea: Huyo mzee aliyeuza, wakati anauza alikuwa anauguza nani? Kiwanja hiki kilipouzwa shule zilikuwa zimefungua? Dada yake alikuwa amekwisha kurudi kutoka kwa mumewe? Mara tatu nne kati ya tano mgogoro ulifunguka hapo, kwenye ada ya shule au dawa za hospitali au mahari iliyodaiwa irudi. Mipaka haisogezwi na uchoyo peke yake. Mara nyingi inasogezwa na Januari.

Sasa hawa vijana tunaowasema. Mjukuu wangu anasoma tiki. Tangu mwishoni mwa 2014 WhatsApp ilipoanza kuonyesha tiki za bluu, mtu anajua ujumbe wake umesomwa, na hapo ndipo tabu inapoanza. Kasoma saa mbili na dakika tano, yuko hewani, hajibu. Kwa nini? Kanidharau. Yuko na mwingine. Kaonyesha wenzake wanacheka. Nimemkalia kitako mara moja akinichambulia kimya cha kijana mmoja kwa ustadi ambao shehe mfasiri angeuonea wivu: nukta aliyoweka mwisho wa sentensi, ambayo kwa kawaida haweki, jina aliloandika kamili, picha aliyobadilisha usiku. Nikamuuliza, "Kazi anafanya wapi huyo?" Bandarini. "Zamu ya usiku au mchana?" Hajui. "Kwao wapi?" Muheza, anadhani. "Mama yake mzima?" Akanitazama. Amekuwa akimsoma mtu kwa miezi, na habari zake hakuwa nazo hata za kujaza kiganja.

Lakini siwezi kumcheka. Anafanya kile kile tulichofanya sisi, na kwa njaa ile ile. Sisi tulikuwa na shangazi, kisima, msikiti, kilabu cha taarabu, dada wa jirani aliyeolewa kwa akina fulani. Yeye amepangisha chumba kwenye nyumba ya geti ambamo hajui jina la anayelala ukuta wa pili. Kumwambia "sisi tulijua watu" ni kumsimanga mtu kwa kukosa kitu ambacho sisi ndio tuliokivunja, maana nyumba hizo za geti tulizijenga sisi kwa kiinua mgongo chetu, na tukawaambia watoto wasikanyage uani kwa watu.

Nitasema la mwaka jana, nimalize nalo upande huu. Mtaani kwetu kulikuwa na mama muuza vitafunio, mchangamfu, asiyekosa shughuli ya mtu. Ghafla akabadilika. Msiba wa pili hakuchangia. Harusi ya mtoto wa rafiki yake hakutokea. Namba ya simu akabadili. Akiwa na haja ya dukani anamtuma mtoto, na akitoka mwenyewe anapita njia ya nyuma kandokando ya mtaro, ushungi umefika puani, hata jua likiwa limeshazama. Mtaa ulimsoma kwa siku chache tu: amejisikia. Wengine wakaongeza kapata bwana mwenye pesa. Kinamama wa kikundi chake wakaazimia kumtoa.

Alikuwa amekopa. Alianza na wale tunaowaita kausha damu, wanaokupa leo na kuanza kudai kesho, riba inakua kila wiki. Ili awalipe hao akakopa kwenye programu za simu, zile zinazokuomba ruhusa ya kuingia kwenye orodha yako ya namba. Alipochelewa, zikaanza kuwatumia watu wake ujumbe kwamba fulani ni mwizi, mwambieni alipe. Mkwewe akaupata. Mwalimu wa madrasa wa mwanawe akaupata. Ndiyo sababu ya namba mpya, na ndiyo sababu ya njia ya mtaroni. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni, kwa hiyo ujue hakuwa peke yake; mitaa mingi ina njia yake ya mtaroni na mtu wake wa kuipita. Yote hayo yalijulikana siku mjumbe mmoja mwanamke, wa wale wa maswali ya umbea, alipokwenda kwake na sahani ya wali, akaingia jikoni bila kukaribishwa, akakuta jiko halijawashwa tangu jana. Hakumuuliza mbona umebadilika. Alimuuliza unadaiwa shilingi ngapi.

Wazee wenzangu, natoa ombi. Tuache kuwaambia vijana kwamba mtu anasomwa usoni. Wale bibi wa Shinyanga walisomwa usoni. Tukiitwa kusuluhisha, na bado tunaitwa, maana Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka shauri la talaka lipite kwanza baraza la usuluhishi kabla ya kufika mahakamani, tusikae tu kwenye viti vya plastiki tukawapanga mke na mume mbele yetu na kuanza kupima nani ana macho ya mkosaji. Twende mpaka kwao. Tuulize kodi ya nyumba imelipwa mpaka mwezi gani, nani anaumwa, nani kafukuzwa kazi na hajasema, mkopo uko wapi. Kama kuna wa kuulizia jikoni, apelekwe mama, na akirudi asikilizwe kabla ya sisi kusema.

Na nyinyi wajukuu, mnaoukaguakagua usiku kucha ujumbe mmoja usiojibiwa: mpigieni mtu simu muulize ameamkaje. Kama ana kwao mnakoweza kufika, nendeni Jumapili mkakae, mle chakula chao, msikilize wanavyogombana. Mabasi ya Muheza yanaondoka stendi tangu asubuhi, na nauli si kubwa.